Breki ya haidroliki ya rimu: mkono mgumu, lakini gurudumu la nyuma linateleza

Mrukamawe
Mbukwenyi wakuu. Baiskeli ni ya traiali, inchi 20, ile isiyo na kiti ya kurukia mawe. Breki ya nyuma ni Magura HS33 inayobana rimu. Inatumika kwenye mawe ya huku Mlimwa, Dodoma, kwa hiyo vumbi halikosi.

Tatizo: nikisimama kwa gurudumu la nyuma tayari kuruka, gurudumu linateleza kidogo halafu ndiyo linashika. Mkono wa breki ni mgumu na unashika mapema, haubonyei. Rimu ilishakwaruzwa kwa grainda zamani ili pedi zishike. Mikwaruzo inaonekana, ila ukipitisha ukucha haukwami. Pedi bado nene. Fundi anasema ni upepo (hewa ndani ya oili ya breki), anataka kumwaga oili na kujaza ile ya breki ya pikipiki. Nimkubalie?

Spana_Namba8
Mkuu, mzuie kwanza. Oili ya pikipiki ni DOT 3 au DOT 4. HS33 inatumia mafuta ya madini. Ya Magura wenyewe yanaitwa Royal Blood, rangi ya bluu. Ukiweka DOT, sili zinavimba, pistoni zinaanza kugoma kurudi, na kusafisha tu hakutakusaidia. Unabadilisha sili zote, kama utazipata.

Pili, upepo una dalili zake. Hewa inabanika, oili haibaniki. Kukiwa na upepo, mkono unakuwa laini, unakwenda hadi karibu na usukani, na ukipampu harakaharaka unapanda. Wako ni mgumu tangu mwanzo, maana yake nguvu ya kidole inafika kwenye pedi. Inakopotelea ni mbele ya hapo.

Fanya hivi: bana breki kwa nguvu zote, sukuma baiskeli mbele na nyuma, mtu mwingine achuchumae nyuma atazame silinda, zile mbili zinazosukuma pedi. Rimu ikipita katikati ya pedi zilizotulia, shida ni msuguano. Silinda zikifuata rimu au zikizunguka ndani ya vishikio, bolti zimelegea. Na mirija ya fremu ikitanuka kwenda nje, nguvu yako inaishia kupinda fremu badala ya kubana rimu. Unaweza kukuta mawili kwa pamoja.

VumbiJekundu
Ukucha haukwami? Basi hiyo rimu imeshakuwa kioo. Vumbi la kiangazi la Dodoma ni laini mno, linachanganyika na unga wa pedi, linajaza mikwaruzo na kuisugua kila unapobana.

Kabla ya kushika grainda, osha rimu kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, ikauke, kisha pangusa kwa kitambaa safi chenye spiriti. Pedi zitoe (zinachomoka kwa kuvuta), weka msasa namba 80 juu ya kipande cha kioo au marumaru, sugua hadi mng'ao wote uishe. Usisugue ukiwa umeshika msasa mkononi, utapata pedi yenye tumbo na itagusa katikati tu. Pedi iliyonyonya oili itupe, hata ukiisugua oili inarudi juu.

Jaribu. Ikiteleza bado, kwaruza upya. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115, diski nene ya kusagia. Ile nyembamba ya kukatia inachimba kabla hujashtuka. Toa tairi na tyubu, vaa miwani. Gusisha ukingo wa diski na kuinua, gusisha na kuinua, huku gurudumu likizunguka polepole, uache alama fupi zilizolala mshazari, zikiachana milimita moja au mbili. Usiegemee. Kina kinachotosha ni kile cha ukucha kukwama. Ukituliza grainda sehemu moja, umepunguza ukuta wa rimu na hapo ndipo itakapopasukia. Kama ukuta tayari umebonyea kwa ndani ukiwekea rula, usikwaruze tena, nunua rimu.

Halafu rimu iliyokwaruzwa upya inakula pedi laini kama jibini kwenye kikwaruzio. Tafuta pedi ngumu za traiali zilizotengenezwa kwa rimu za namna hiyo.

Mrukamawe
Asanteni. Nimefanya jaribio la Spana: rimu inapita kwenye pedi, lakini pia silinda zinasukumwa nje, kwa macho kama milimita 2 kila upande. Je, kupaka lami kwenye rimu ili pedi zishike hakuwezi kuniokoa na grainda?

Fremu_Ngumu
Milimita 2 kila upande ni nyingi, ndugu. Hakikisha bolti za vishikio vya silinda zimekazwa, M6 kwa torki ya Nm 6. Usizidishe, uzi wa alumini unakatika. Kisha funga busta: lile bamba la umbo la kiatu cha farasi linalounganisha upande wa kushoto na kulia juu ya tairi. Likikaa vizuri, utaona tofauti kabla hujagusa kitu kingine.

Pangilia pedi pia. Uso wote uguse rimu kwa wakati mmoja, juu na chini, mbele na nyuma. Ikigusa kwa kona, breki inalia na inashika nusu. Nyoosha gurudumu kwa spoku kwanza. Rimu inayoyumba inakulazimisha kuweka pedi mbali, na mkono unapoteza mwendo bure.

Lami inafanya kazi kwenye rimu laini, kavu, isiyokwaruzwa: unapaka mistari michache tu. Ukiipaka juu ya mikwaruzo unaiziba. Kwa jua letu inalainika, inakusanya vumbi, na mvua ya masika ikinyesha breki inakwisha kabisa.

VumbiJekundu
Hapo kwenye lami sikatai moja kwa moja. Kwa anayecheza kwenye ngazi na kuta za zege mjini, rimu laini na lami kidogo inashika vizuri na haimalizi rimu. Kwa mawe ya Mlimwa, grainda.

Spana_Namba8
Naongeza la mkono wenyewe. Sogeza kishikio chake kuelekea katikati ya usukani hadi kidole kimoja kikae kwenye ncha iliyopinda. Kidole kikikaa katikati ya mkono unapoteza nguvu nyingi bila sababu.

Na siku utakapotoa upepo kweli: toa gurudumu, sukuma pistoni zote ndani, weka kipande cha mbao katikati yake. Usibane mkono gurudumu likiwa nje bila kizuizi, pistoni itatoka. Kile kirekebisha pedi chekundu kwenye mkono kirudishe mwanzo kabisa, kinyume cha saa. Inamisha baiskeli hadi tundu la oili kwenye mkono liwe sehemu ya juu kuliko zote. Sirinji ya mililita 20 ya duka la dawa inatosha kama chombo, ila kiungo chenye uzi kinachoingia kwenye silinda lazima kiwe cha breki hiyo. Ukilazimisha mrija wa dripu, hewa inaingia pembeni.

Oili inasukumwa kutoka chini, kwenye silinda yenye skrubu, inapita paipu fupi hadi silinda ya pili, inapanda kwenye mkono na kutokea kwenye sirinji ya juu. Sukuma polepole, gonga silinda na paipu kwa mpini wa bisibisi, rudia hadi vipovu viishe. Usivute kwa nguvu kutoka juu. Funga tundu la juu kwanza, ndipo uchomoe sirinji ya chini na kurudisha skrubu. Ukianza na la chini, oili inadondoka na hewa inaingia kwa juu. Kama paipu imefunguliwa, nati yake ni spana namba 8, Nm 4.

Ukishafunga, bana mkono, ufunge kwa kipande cha tyubu, uache usiku kucha. Asubuhi mkono ukiwa umezama, angalia kwenye nati na kwenye pistoni, kuna mahali panavuja.