Tulilipia kuiona Ulaya, wakala akatuuzia milango iliyofungwa

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninalisema hilo mapema ili asije mtu akanishauri nitulie kwanza ndipo niandike. Nimetulia wiki tano. Nimeandika barua mbili kwa ustaarabu, nimekwenda ofisini kwao mara tatu, na nilichoambulia ni chupa ya maji baridi na maneno "pole sana mzee wangu". Jina la wakala sitalitaja hapa, kwa kuwa shauri nimekwisha kulifikisha panapohusika, lakini walichotufanyia nitakieleza chote.

Mimi na mke wangu ni wastaafu. Yeye alikuwa muuguzi, mimi nilikuwa mhasibu serikalini, na Agosti mwaka 2025 tulitimiza miaka 35 ya ndoa. Tulikubaliana kumega sehemu ya kiinua mgongo changu tukaione miji mitatu ambayo tumekuwa tukiisoma tangu shuleni: Paris, London na Roma. Watoto wetu walitaka tuongeze kiwanja Kibaha. Tuliwaambia kwamba kiwanja kitakuwepo ila magoti yetu hayana uhakika huo. Wakala huyo, mwenye ofisi nzuri tu hapa Dar es Salaam, alitutengenezea safari ya siku nane kwa shilingi milioni 19 na laki 4 kwa watu wawili, ndani yake zikiwemo tiketi za ndege na treni, hoteli, "viingilio vyote" na, naomba hapa msome polepole, "visa za nchi zote za safari". Maneno hayo yamo kwenye risiti, na risiti ninayo.

Tulifika Paris Jumatatu mchana. Hoteli iliyoandikwa kwenye ratiba kuwa iko "katikati ya Paris" haikuwa Paris kabisa. Namba za posta za Paris yenyewe huanza na 75. Ya hoteli yetu ilianza na 93, yaani mkoa wa jirani wa Seine-Saint-Denis, na kila asubuhi tulibadilisha treni mara mbili kabla ya kuuona Mto Seine. Chumba kilikuwa safi na wahudumu walikuwa waungwana, kwa hiyo jambo hili nisingelifungulia uzi.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya Louvre, lile jumba la makumbusho la Paris. Mke wangu alikuwa ameisubiri siku hiyo kuliko zote, kwa sababu picha ya Mona Lisa ilikuwa kwenye kalenda iliyoning'inia wodini kwao miaka mingi, na alikuwa amewaahidi wauguzi wenzake kwamba atakwenda kuiona kwa niaba yao. Tulifika kwenye ile piramidi ya kioo saa tatu asubuhi, tukastaajabu kwamba hakuna foleni, nami kwa ujinga wangu nikamwambia kuwa wakala wetu ametuchagulia saa nzuri. Kijana mmoja mlinzi ndiye aliyetueleza, kwa upole, kwamba Louvre hufungwa kila Jumanne. Haikuwa ya matengenezo, wala ya mgomo, wala ya sikukuu. Ni kila Jumanne, na tovuti yao inasema hivyo kwa mtu yeyote anayejua kusoma. Nilipiga picha hapo hapo: mke wangu amesimama mbele ya piramidi, mkono juu ya paji la uso akikinga jua, nyuma yake uwanja mtupu. Nikaituma kwa wakala kwa WhatsApp kama ushahidi. Picha hiyo muiweke akilini, nitairudia.

Jumatano niipitie haraka. Mnara wa Eiffel, wenye urefu wa mita 330, tuliuona kutoka chini, kwa sababu "viingilio vyote" havikuwa na kiingilio cha lifti ya mnara. Nilipouliza kwa simu nilijibiwa kwamba ratiba inasema "kutembelea mnara", na kutembelea si lazima kupanda. Mchana tulikwenda kanisa kuu la Notre-Dame, ambalo liliungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Mle ndani mawe ni meupe kama yamechongwa jana. Mke wangu alikaa kwenye benchi karibu saa nzima bila kusema neno, na nadiriki kusema kwamba saa ile ndiyo iliyotuzuia tusigombane sisi kwa sisi siku iliyofuata. Kuingia Notre-Dame ni bure. Zingatieni hilo: mahali pa kwanza tulipoingia katika safari ya milioni 19 ni mahali pasipo na kiingilio.

Sasa Alhamisi. Ratiba ilisema tupande treni ya Eurostar kutoka kituo cha Gare du Nord kwenda London, tulale usiku mmoja, turudi Paris Ijumaa jioni. Kwa wasiofahamu, ukisafiri kwa treni hiyo maofisa uhamiaji wa Uingereza hukukagua palepale Paris kabla hujapanda. Tulipita kwanza kwa ofisa wa Ufaransa, akagonga mihuri ya kutoka. Tukasogea hatua chache kwa Mwingereza. Akafungua pasipoti yangu, akaifunua mbele, akaifunua nyuma, akachukua na ya mke wangu, kisha akauliza visa zetu za Uingereza ziko wapi. Nikamwonyesha ile ya Schengen, yaani visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeleta daftari la somo jingine.

Uingereza haijawahi kuwa katika eneo la Schengen, hata ilipokuwa bado mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mtanzania anayetaka kuingia London anahitaji visa ya Uingereza, inayoombwa peke yake, kwa fomu yake na ada yake. Wakala alichukua fedha ya "visa za nchi zote za safari", akatuombea moja, akanyamaza. Tuliketishwa pembeni karibu saa moja na nusu, watu wakipita na masanduku yao wakitutazama, kisha tukarudishwa upande wa Ufaransa na mihuri ya kutoka ikafutwa. Mke wangu, ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa mtu wa kuwatuliza wengine, alilia mbele ya wageni. Sijawahi kumwona akilia hadharani tangu tumzike mama yake.

Na bado sijafika kwenye baya zaidi. Jioni ile, tukiwa tumetafuta chumba kwa fedha yetu wenyewe, niliichukua pasipoti na kusoma stika ya visa mstari kwa mstari, kazi ambayo ningepaswa kuifanya Dar es Salaam. Kwenye idadi ya kuingia pameandikwa 01. Yaani visa tuliyoombewa ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Laiti Waingereza wangetukubali, tungelala London usiku ule na kesho yake Wafaransa wangekuwa na haki ya kutukatalia kurudi, huku tiketi zetu za Roma na za kurudi nyumbani zikiwa upande wa pili wa bahari. Kosa la kwanza la wakala ndilo lililotuokoa na kosa lake la pili. Fomu ya visa aliijaza yeye, ratiba aliiandika yeye, na hakuziweka karatasi hizo mbili mezani kwa wakati mmoja hata kwa dakika tano.

Najua wapo watakaoandika hapa chini: mzee, mtu mzima na akili zako, hukuangalia visa? Ni kweli, sikuangalia, na ninaona aibu. Lakini nilimlipa mtu aangalie. Gari ninapolipeleka gereji sisimami juu ya fundi kuhesabu nati, na breki zikikatika njiani sitaambiwa kwamba kosa ni langu kwa kutohesabu.

Ijumaa tulifanya ambalo wakala alishindwa kulifanya kwa miezi minne. Binti yetu, akiwa Arusha, alituingilia kwenye tovuti ya Louvre usiku, akapata nafasi mbili za Ijumaa jioni, siku ambayo hufunga saa tatu usiku, kwa euro 22 kila mmoja. Mona Lisa ni picha ndogo, sentimita 77 kwa 53, na tuliiona juu ya vichwa vya watu na simu zao. Mke wangu aliridhika. Mimi niliridhika kwa kuwa yeye ameridhika. Euro hizo 44 tulilipa sisi, na mtaona jinsi zilivyogeuzwa silaha dhidi yetu.

Jumamosi tulipaswa kuruka "kutoka Paris" kwenda Roma. Uwanja ulioandikwa kwenye tiketi ni wa Beauvais, ambao uko kilomita zipatazo 80 kutoka Paris. Tuliondoka hotelini usiku wa manane. Tiketi hizo za bei nafuu ziliruhusu kila abiria kibegi kimoja cha kuweka chini ya kiti, na sisi tulikuwa na masanduku mawili ya kilo 23 kama tulivyoelekezwa na wakala huyo huyo. Sitataja tulicholipia masanduku yale dirishani, kwa sababu mke wangu hajui hadi leo na huenda akausoma uzi huu.

Roma tulikuwa na siku moja kamili, nayo ni Jumapili. Nadhani mmekwisha kukisia. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na yetu haikuwa ya mwisho. Kanisa dogo la Sistine, lile ambalo Michelangelo alilichora dari kati ya mwaka 1508 na 1512, halina njia nyingine kwa mgeni zaidi ya kupitia humo. Mke wangu ni Mkatoliki wa kusali kila asubuhi. Mimi ni Mlutheri, lakini hata mimi nililitaka dari lile. Tuliingia Basilika ya Mtakatifu Petro, ambayo, kwa mara nyingine, ni bure. Koloseo, ule uwanja wa kale wa Warumi, tuliizunguka kwa nje, kwa kuwa tiketi tulizopewa zilikuwa na majina ya watu wawili tusiowajua, nadhani wateja wa safari nyingine, na pale jina la tiketi hulinganishwa na la kitambulisho. Hotelini tukadaiwa kodi ya jiji, euro 6 kwa mtu kwa usiku kwa hoteli ya nyota tatu, jumla euro 24. Kodi hiyo ni halali na siilalamikii. Ninalalamikia kuambiwa Dar es Salaam kwamba "kila kitu kimelipwa".

Tuliporudi nilikwenda ofisini na jedwali. Mhasibu ni mhasibu. Niliorodhesha fedha ya visa ambayo haikuombwa, tiketi za London zilizopotea, hoteli ya London ambayo hatukulala, chumba tulichokodi Paris, viingilio tulivyoahidiwa, na masanduku. Jumla shilingi milioni 4 na laki 6. Sikuweka machozi wala usumbufu, maana sina stakabadhi yake. Nilijibiwa na kijana mwenye tai kwamba kipengele cha masharti kinasema ratiba inaweza kubadilika "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Nikamuuliza, Jumanne iko nje ya uwezo wa nani? Jumanne si mafuriko, haikuja kwa ghafla. Huja kila baada ya Jumatatu. Hakujibu hilo. Kuhusu London alisema ubalozi ulikuwa "mgumu", nami nikamwomba nakala ya ombi la visa ya Uingereza lililokataliwa. Hadi leo sijaletewa, na haiwezi kuletwa kwa sababu haipo. Kuhusu viingilio alisema, na ninanukuu: "Lakini Louvre mliingia, mzee wangu." Yaani zile euro 44 zetu.

Ninachodai ni kile tu kilichomo kwenye jedwali, na malalamiko rasmi nimeyapeleka Tume ya Ushindani pamoja na nakala za risiti, ratiba na stika za visa. Kama yupo humu aliyewahi kufikisha shauri la wakala wa safari mbele yao, ninaomba anieleze ilimchukua muda gani na ni vielelezo gani aliombwa. Na kama wapo wengine waliouziwa safari ya Paris na London kwa visa moja, wajitokeze, kwa sababu sidhani kama ratiba yetu iliandikwa kwa ajili yetu. Herufi za majina yetu zilikuwa za ukubwa tofauti na maandishi mengine, kama yalivyobandikwa juu ya karatasi ya mtu mwingine.

Nilisema nitairudia ile picha. Juzi binti yetu alinitumia ukurasa wa Instagramu wa wakala huyo. Picha niliyowatumia kama ushahidi, ya Jumanne ile, mke wangu akiwa mbele ya Louvre iliyofungwa, wameiweka kuwa tangazo. Wameandika: "Wateja wetu wakifurahia Louvre, Paris. Nawe karibu!" Hawakuomba ruhusa. Kumbe ule uso wa hasira na mkono juu ya paji wao wameuona kuwa ni furaha. Nimewaandikia waiondoe mara tatu. Hadi ninapoandika haya bado ipo, na chini yake watu watatu wameuliza bei.