Yule bwana wa maiki kanambia "kaa kitako" mbele ya Wete nzima!!

Wallahi mpaka saa hizi natetemeka. Yule bwana wa maiki, munamjua, sina haja ya kumtaja, hapa Wete hata mbuzi wanamjua, jana usiku katuharibia sinema uwanjani na mie kanambia KAA KITAKO watu wote wanasikia.

Projekta tumeihangaikia, shuka tumetundika, watu wamekuja na mikeka yao. Filamu yenyewe ni ile ya 1993 ya bi Alanis Obomsawin, ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa kule Kanada. Mwaka 1990 wakubwa wa mji wa Oka walitaka kiwanja cha gofu kitoke mashimo 9 kiwe 18, kiingie kwenye misonobari mpaka kwenye makaburi ya wazee wa watu. Makaburi jamani, kwa gofu! Wenyewe wakaziba njia, wakaja polisi, likaja jeshi, siku 78 hawajatoka, na bi Alanis humo humo ndani na kamera yake.

Basi imefika pale polisi wanaingia msituni, hata watoto kimya, huyo kainuka, kivuli chake kimejaa shuka zima kama mbuyu, kakamata maiki "tusite kidogo niwatambue wageni". Kawatambua mpaka majogoo yakawika. Namwambia kwa adabu, mzee wangu shikamoo, tuachie tumalize, ndo kanambia we mtoto kaa kitako. Mtoto! Mie nna wajukuu! Kaa kitako! Na sinema haikumalizwa.

Karafuu_Mbichi: Pole bibi, kwani ulikaa? 😂😂

Kijana_wa_Limbani: Huyo huyo kwenye harusi ya dada yangu, alishika maiki mpaka bi harusi kasinzia

Popobawa_Mstaafu: Nyinyi munalilia maiki, mie ndara zangu zimeibiwa pale pale uwanjani. Mpya!! Aliyechukua arejeshe

Mwenye uzi: Ndara zisubiri, watu wamepigania makaburi yao siku 78 sie hatukuona mwisho wake, na mie NIMEAMBIWA KAA KITAKO

Karafuu_Mbichi: Ndara za rangi gani?

Popobawa_Mstaafu: Buluu, ya kulia imetiwa waya

Kijana_wa_Limbani: Sasa mpya vipi zina waya yakhe

Karafuu_Mbichi: Mie nimeziona kwa muuza urojo