Intavyu Jumanne Kakamega, nibebe mkoba gani?

nyar_nyalenda
Habari zenu wadada na wakaka. Leo Ijumaa nimepigiwa simu nikiwa kwa foleni ya maji, naitwa intavyu Jumanne saa tatu asubuhi Kakamega, kazi ni karani wa hesabu kwa sacco moja, na tangu nimalize dipuloma hii ndio mara ya kwanza kuitwa mahali popote kwa hivyo mtanisamehe nikiuliza kitu kinaonekana kidogo. Nguo niko nazo, sketi nyeusi na blauzi ya rangi ya maziwa, viatu pia viko. Shida ni mkoba. Wangu wa kila siku ni begi ya mgongoni ya chuo na mfuko wa mbele umechanika. Dada yangu amenipatia wake, mwekundu, una mnyororo wa rangi ya dhahabu, mrembo sana lakini nikiingiza cheti lazima nikikunje. Mama naye anasema nishike bahasha ya kaki tu, mambo ya mkoba ni ya mtu ameshapata kazi. Wameniambia nije na vyeti orijino, kitambulisho na kopi seti mbili. Niko na elfu moja ya mkoba, nauli nimeiweka kando. Ninunue mpya dukani ama niende mtumba? Na rangi gani?

Mama_Kondele
Mdogo wangu hongera sana, hiyo simu imewafikia wachache. Mimi nilikuwa sekretari kwa ofisi fulani miaka sita na siku za intavyu ni mimi nilikuwa naita watu mmoja mmoja kuingia, kwa hivyo hii naongea niliyoyaona na macho. Hakuna siku nilisikia paneli wakiuliza mkoba ni wa kampuni gani. Wanachoona ni ile dakika wanakuambia, haya, tuone cheti chako. Kuna msichana mmoja sijawahi kumsahau, alikuwa na begi kubwa laini lisilo na umbo, akaambiwa atoe cheti cha fomu foo, akaanza kutoa chaja, kitana, mandazi kwa karatasi, leso, vyote akaviweka juu ya meza ya wenyewe, mikono inatetemeka, na cheti kilikuwa chini kabisa kimejikunja kona. Yule mtoto alikuwa anajua kazi, lakini kutoka hapo sauti yake haikurudi.
Kwa hivyo chukua mkoba ambao karatasi inalala bila kukunjwa. Karatasi za A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, na ukiweka kwa faili inaongezeka kidogo, kwa hivyo upana wa ndani tafuta kama 33 hivi. Usikisie kwa macho, enda sokoni ukiwa umebeba hiyo faili yenyewe uiingize pale pale mbele ya muuzaji. Ule mwekundu mrudishie dada na shukrani, si kwa sababu ya rangi, ni huo mnyororo, ukiusogeza kwa kiti unalia na wewe mwenyewe utaanza kuusikiliza badala ya kusikiliza swali.

fundi_mikoba_Kibuye
Dada, kwa elfu moja usiende dukani, huko utapata ile reksini nyembamba inang'aa siku tatu. Kuja Kibuye Jumapili ndio soko linajaa vizuri, na uje mapema kabla wale wa kuuza tena hawajachagua. Nimeshona mikoba miaka mingi, angalia hivi.
Kwanza shika pale mshikio unapoingia kwa begi, uvute kwa nguvu kama mtu anakunyang'anya. Uzi ukiwa unacheza, hiyo ni ya kurudi kwangu, lakini ni mshono wa shilingi 50 tu, usiiache kwa sababu hiyo kama mengine yako sawa. Zipu ifungue na ufunge mara kumi. Ikiwa ngumu sugua mshumaa kwa meno yake italainika, lakini ikiwa inafunga halafu inaachana nyuma hiyo imekufa, achana nayo.
Halafu ngozi. Watu wengi wanadanganywa hapa. Tafuta mahali imekatwa, ukingo wa mshikio ama ndani ya mfuko, ngozi ya kweli utaona nyuzi nyuzi zimeshikana kama za nyama kavu, ya bandia utaona kitambaa chini na plastiki juu. Ya bandia si mbaya, shida ni kwamba joto na unyevu huila hata kama begi haijawahi kubebwa, na Kisumu yetu hii unajua joto lake. Ikunje kidogo kwa kona, ukiona nyufa ndogo ndogo ama unga umebaki kwa kidole, weka chini uondoke.

tausi_nakuru
Hiyo ya kubanduka msikize fundi tafadhali!! Mimi nilitoka Nakuru kuelekea intavyu na begi nyeusi niliyokuwa nimeihifadhi kabatini mwaka mzima nikiingojea siku kubwa, sijawahi kuitumia hata kanisani. Kwa matatu nikaipakata vile tunavyobanana, kushuka naangalia sketi yangu ya kijivu imejaa vipande vyeusi kama masizi, nikipangusa vinazidi kushika. Niliingia choo cha kituo cha petroli nikakwangua na kucha dakika ishirini. Na si hiyo tu, nilikuwa nimebeba maji kwa chupa kwa begi hiyo hiyo, kifuniko hakikufunga vizuri, CV ikaanza kutoa wino. Kwa hivyo dada, maji yabebe mkononi ama uyanywe kabla, vyeti viingie kwa faili ya plastiki ndani ya mkoba, na ukishanunua pangusa na kitambaa cheupe kibichi kabla ya Jumanne uone kama inatoa rangi. Blauzi yako ni ya maziwa, itashika kila kitu.

kaka_wa_Mbale
Mimi niko upande wa mama yako kidogo. Nilipata kazi yangu nikiwa na bahasha ya kaki, na hiyo elfu moja kwa mtu hajaanza kazi ni pesa. Kama kuna jirani ana mkoba mweusi mkubwa si uazime tu?

Mama_Kondele
Kaka wewe una mifuko ya suruali, simu huku, kitambulisho huku, nauli huku. Sketi ya dada haina hata mmoja. Na hiyo barabara ya kwenda Kakamega unaijua mvua yake, bahasha ikilowa ni uji. Lakini kuazima nakubali, bora apewe leo si Jumatatu usiku.
Nyar_nyalenda nimesahau kitu, askari wa getini pengine atafungua begi akague. Vitu vyako vya kike viweke kwa kipochi kidogo chenye zipu, ndio asivitandaze mbele ya watu.

nyar_nyalenda
Nimerudi kutoka Kibuye sasa hivi miguu haisikii!! Nilianza kuuliza majirani, hakuna. Nimepata mmoja wa kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, wa mtumba, alitaka 700 tukaachana na 450. Nilienda na faili kama Mama Kondele alivyosema, mikoba minne ya kwanza ilikataa, huu wa tano faili imeingia na zipu ikafunga juu yake. Ukingo niliuangalia, ni nyuzi nyuzi. Mshikio mmoja ulikuwa unacheza, umeshonwa kwa 50. Ndani unanuka stoo, nifanyeje? Na nikiingia kwa paneli nauweka wapi, mapajani ama chini? Nyanya aliniambia mkoba ukikaa chini pesa zinakimbia.

fundi_mikoba_Kibuye
Usiufue. Jaza magazeti makavu ndani na vipande vya makaa umefunga kwa kitambaa, uache wazi kivulini leo na kesho, jua kali litaikausha ngozi ipasuke. Rangi ya viatu paka kidogo sana kwa kona, usugue mpaka kitambaa kisitoke na kitu, na ule upande unaogusa blauzi usipake kabisa.

Mama_Kondele
Mezani pa wenyewe usiweke. Mapajani utaanza kuchezea mshikio, nakujua ukiwa na wasiwasi. Kama kuna kiti kitupu kando yako uliza, naweza kuweka hapa? Hakuna, weka chini karibu na mguu, na nyanya tutamwelezea. Faili itoe kabla hujaitwa uishike mkononi, orijino zikiwa mbele kwa mpangilio, fomu foo halafu dipuloma, kopi nyuma.

nyar_nyalenda
Ero kamano sana Mama, na fundi, na tausi, na wewe pia kaka wa Mbale. Nimeujaza magazeti na makaa nikauweka sakafuni karibu na mlango kujaribu, umesimama wenyewe, haujaanguka. Mama yangu ameupita mara mbili, mara ya tatu ameinama akaushika mshikio, akasema huu hata yeye angebeba kanisani.