Nimeondoka kwake ila woga haujaondoka

Mleta mada:
Jamani habari zenu. Mwaka jana niliondoka kwa mume wangu baada ya miaka sita ya kipigo, sasa nimepanga chumba Mbagala mimi na mwanangu. Shida ni kwamba mpaka leo bodaboda ikisimama nje usiku natetemeka mwili mzima, usingizi hakuna, mtoto akidondosha sahani napayuka kama mwehu halafu nabaki kulia. Nyumbani wananiambia si umeshatoka, unalia nini tena. Wenzangu mlifanyaje?

MamaPacha:
Pole sana mdogo wangu. Mimi ilichukua kama miaka miwili, nilitia komeo mbili na taa nikawa silali mpaka iwe inawaka. Kilichonisaidia ni dada mmoja wa ustawi wa jamii pale hospitali, siku za mwanzo nilikuwa nakaa tu naangalia sakafu na yeye hanilazimishi kusema. Akaniambia mwili unachelewa kujua kama hatari imeisha. Neno hilo lilinifaa kuliko maombi yote niliyopelekwa, wapendwa mnisamehe. Na mtoto ukishampayukia muombe msamaha, anaelewa huyo.

Mzee_wa_Busara:
Kaeni na wazee myamalize, ndoa ni kuvumiliana.

MamaPacha:
Wazee hao hao ndio walionirudisha mara tatu, mara ya mwisho nikatoka na mkono uliovunjika. Wewe pita tu.

Kibibi77:
Mleta mada, una talaka au umeondoka tu? Maana woga mwingine unaletwa na kutojua atakuja kudai nini. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Na usidanganywe kwamba hukuchangia mali, kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ukitaka talaka, kawaida unaanzia baraza la usuluhishi la kata. Akija kukutishia nenda Dawati la Jinsia pale polisi, akikupiga omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Mleta mada:
Asanteni, nimesoma huku nalia. Sina talaka, nilitoka na begi la nguo za mtoto tu. Jumatatu naomba ruhusa kazini niende kata. MamaPacha komeo zako zimenichekesha, mimi kila usiku nasukuma kabati mlangoni.