Naomba ushauri: wilaya ya shule (Texas) inataka kupunguza walimu wasaidizi wa ESL (masomo ya Kiingereza kwa watoto wenye lugha nyingine) huku kodi ya nyumba ikipanda. Nani anaamua?

MamaWatatu:
Wakuu, habari za leo. Tunaishi Texas, karibu na Dallas, kwa grini kadi. Nyumba tulinunua mwaka jana. Watoto watatu wako shule ya umma, wawili kati yao wanasoma ESL. Wiki hii imekuja barua kwamba bajeti ya mwaka ujao ina upungufu na nafasi za walimu wasaidizi wa ESL zinaangaliwa upya. Wakati huohuo mabango yamejaa mtaani ya uchaguzi wa Mei wa hati fungani za kujenga shule mpya na uwanja wa michezo. Na kwenye bili ya kodi ya nyumba, fungu kubwa kuliko yote ni la shule.

Naomba kueleweshwa: nani hasa anaamua? Kodi yetu inakwenda wapi ikiwa walimu wanapunguzwa na majengo yanajengwa? Na mimi nisiye raia nipitie mlango upi?

Kasuku01:
Pole dada. Mwandikie meya wa mji wenu, yeye ndiye mkubwa wa hapo.

Nyamwezi_DFW:
Kasuku, meya wa Texas hana kauli juu ya shule. Huku wilaya ya shule ni serikali inayojitegemea. Ina mipaka yake, ambayo mara nyingi hailingani na ya mji wala ya kaunti, ina kodi yake na wajumbe wake wa kuchaguliwa. Ziko zaidi ya 1,000 jimboni. Wewe na jirani wa ng'ambo ya barabara mnaweza kuwa wilaya mbili tofauti. Dada, angalia bili ya kodi: jina linaloishia na ISD (Independent School District) ndilo la wilaya yenu.

Juu kuna bodi ya wadhamini. Wilaya nyingi zina wajumbe saba. Dallas na Houston wana tisa. Wanachaguliwa kwa miaka mitatu au minne na hawalipwi mshahara. Wao ndio wanaomwajiri msimamizi mkuu wa wilaya, wanapitisha bajeti, wanapanga kiwango cha kodi, wanatunga sera na kuamua shule ipi ifungwe. Msimamizi mkuu ndiye anayeiandaa bajeti na kupanga watumishi. Kwa hiyo wazo la kupunguza wasaidizi limetoka ofisini kwake, na bodi italipitisha au kulikataa ndani ya bajeti.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mjumbe mmoja mmoja hana amri yoyote nje ya kikao. Hawezi kumpigia simu mwalimu mkuu na kumwagiza abakize mtu. Anaweza kuuliza maswali, kuomba jambo liwekwe kwenye ajenda, na kupiga kura. Ukimfuata, mwombe hayo matatu.

Juu ya bodi liko jimbo, kupitia Texas Education Agency, wakala wa elimu wa jimbo unaoongozwa na kamishna. Kwa sheria ya 2015, shule moja tu ikifeli miaka mitano mfululizo, kamishna analazimika kuifunga au kuiweka wilaya nzima chini ya bodi ya kuteuliwa. Houston ilichukuliwa hivyo 2023. Katika hali hiyo wajumbe waliochaguliwa wanabaki na jina, ila uamuzi unakuwa wa walioteuliwa. Hakikisha kwanza wilaya yenu haiko huko.

Daftari:
Nizungumzie fedha, maana hapa ndipo watu wanapokwenda kikaoni na hasira halali lakini hoja isiyo na mashiko.

Kiwango cha kodi ya shule kina vipande viwili. M&O ni ya uendeshaji: mishahara, umeme, mafuta ya mabasi. I&S ni ya kulipa madeni ya hati fungani tu. Sheria hairuhusu I&S kulipa mshahara wa mwalimu. Fedha zinazokopwa kwa hati fungani nazo ni za majengo, ardhi, mabasi, vifaa na teknolojia. Kwa hiyo mkipiga hati fungani chini mwezi Mei, haiongezeki hata senti moja kwa wasaidizi wa ESL. Na mkizipitisha, hazimfukuzi mtu. Zipime kwa swali lake lenyewe: madarasa yamejaa? Paa linavuja? Uwanja umewekwa kwenye pendekezo lake peke yake au umechanganywa na mengine? Mkiona kwenye karatasi ya kura maneno kwamba hili ni ongezeko la kodi ya mali, mjue sheria ya 2019 inalazimisha yaandikwe, hata pale ambapo wilaya haikusudii kupandisha kiwango.

Sasa upande wa M&O. Kodi yako kupanda haina maana kwamba wilaya imepata zaidi. Jimbo hukokotoa kwanza wilaya inastahili kiasi gani, kisha hupunguza humo kile ambacho kodi ya ndani imekusanya, na kujazia kilichobaki. Thamani za nyumba zikipanda, mchango wa jimbo unashuka. Wilaya ambayo kodi yake inazidi stahili yake huurudisha ule wa ziada jimboni. Utaratibu huu upo tangu 1993, na Austin ndiyo inayolipa kuliko zote.

Stahili yenyewe inaanzia kiasi cha msingi kwa kila mwanafunzi. Kilikuwa dola 6,160 tangu 2019, bei za vitu zikapanda sana na chenyewe kikabaki palepale hadi 2025, bunge lilipoongeza dola 55 tu kikawa 6,215. Sehemu kubwa ya fedha za sheria ile ya 2025 imefungwa kwenye nyongeza za walimu wenye uzoefu, kwa hiyo wilaya haiwezi kuihamishia kwa wasaidizi. Hii ndiyo sababu kubwa ya upungufu unaousikia karibu kila wilaya.

Juu ya kiasi cha msingi kuna nyongeza. Mtoto aliye ESL huongeza asilimia 10, yaani dola 621.50 kwa mwaka akihudhuria siku zote. Sheria inataka angalau asilimia 55 ya nyongeza hiyo itumike kwenye mpango wenyewe. Hapo ndipo pa kubana: uliza nyongeza ya lugha mwaka huu ni kiasi gani, na imetumikaje.

Jibu liko kwenye bajeti ukijua namba zake. Mfuko 199 ndio mfuko mkuu, 599 ni wa madeni, 263 ni fedha za shirikisho kwa wanaojifunza Kiingereza. Kazi namba 11 ni ufundishaji, 41 ni utawala wa makao makuu. Mafungu yanayoanza na 61 ni mishahara. Na namba 25 ya mpango ni elimu ya lugha mbili na ESL. Omba kwa maandishi: matumizi ya mfuko 199, mpango 25, miaka mitatu iliyopita pamoja na makadirio ya mwaka ujao. Ukisema unaomba kwa sheria ya taarifa za umma, wana siku 10 za kazi za kukupa au kupeleka sababu za kukataa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Taja namba hizo hasa. Ukiandika "taarifa zote za ESL" utaletewa gharama ya kunakili inayokatisha tamaa.

MamaWatatu:
Daftari, Mungu akubariki. Kumbe nilikuwa nimejiandaa kwenda kulalamikia uwanja. Je, wanaweza kufuta ESL kabisa? Na nikienda kikaoni nitasema nini kwa dakika chache na Kiingereza changu hiki?

Pwani_Houston:
Kufuta hawawezi, dada yangu. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1974 katika kesi ya Lau zinailazimu wilaya kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza aweze kufuata masomo. Wanachoweza ni kubadilisha namna: kuondoa wasaidizi, kuunganisha madarasa, kumpa mwalimu mmoja shule mbili. Kwa hiyo usiende kuuliza kama ESL itafutwa, watakujibu hapana kwa haraka na dakika zako zimeisha. Uliza mwalimu mmoja mwenye cheti cha ESL atakuwa na watoto wangapi mwakani, shule kwa shule.

Kuhusu kikao: ajenda lazima ibandikwe siku tatu za kazi kabla. Isome, kwa sababu jambo lisilo kwenye ajenda bodi hairuhusiwi kulijadili. Watakusikiliza kimya na kukuambia sera inasemaje, basi. Wazazi huhisi wamedharauliwa, kumbe ni sheria inayowafunga mdomo. Jiandikishe mapema kama tangazo linavyoelekeza, wilaya nyingine hufunga orodha mchana wa siku ya kikao. Muda wa kawaida ni dakika tatu. Ukizungumza kupitia mkalimani, sheria ya jimbo inataka upewe angalau mara mbili ya muda huo. Sema Kiswahili chako kwa utulivu, mkalimani afasiri. Mpe maandishi kabla ili asibabaike na takwimu. Usimtaje mwalimu kwa jina. Malalamiko dhidi ya mtumishi yana njia yake ya maandishi na yana siku za mwisho, ukichelewa yanatupwa bila kusikilizwa.

Wakati ni muhimu kuliko maneno. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai au 1 Septemba, kutegemea wilaya, na bajeti lazima ipitishwe kabla. Ule mkutano wa wazi wa bajeti hutangazwa siku 10 hadi 30 kabla, ila ukifika hapo kila kitu kimeshapangwa. Nenda kwenye vikao vya kazi vya bajeti, Februari hadi Mei. Huko ndiko wanakobishana, na viti vya wasikilizaji viko vitupu.

Mama Faraja:
Mama Watatu, kuna viti viwili ambavyo havidai uraia. Kila wilaya ina kamati inayoamua kuhusu watoto wa ESL, inaitwa LPAC, na kwa sheria lazima awemo mzazi wa mtoto anayejifunza Kiingereza asiyekuwa mtumishi wa wilaya. Halafu ipo kamati ya mipango ya shule na ya wilaya, nazo zinahitaji wazazi. Mwandikie mwalimu mkuu kwamba unajitolea. Nafasi ya mzazi kwenye LPAC mara nyingi hutafutiwa mtu dakika za mwisho.

Halafu kuna makaratasi ya mwanzo wa mwaka ambayo wengi wetu tunayapuuza. Ile fomu ya lugha ya nyumbani, andikeni Kiswahili kama ndicho mnachozungumza, msione haya. Sheria inasema wilaya ikiwa na watoto 20 wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa (kwa mfano darasa la pili), wilaya nzima kwa pamoja, inapaswa kutoa mpango wa lugha mbili. Kwa Kiswahili mara nyingi wataomba ruhusa maalumu kwa sababu hakuna walimu wenye vyeti, lakini ombi hilo linawalazimu kueleza watafanya nini badala yake. Familia zikiandika Kiingereza kwa kuogopa kuonekana wageni, hesabu haifiki kamwe. Mzazi anayekataa ESL kwa saini naye, mtoto wake bado anahesabiwa kuwa anajifunza Kiingereza ila wilaya haipati ile nyongeza. Na fomu ya kipato, hata shule inayolisha watoto wote bure, ijazeni. Kuna nyongeza nyingine inayotegemea hiyo.

Nyamwezi_DFW:
Naongezea mahudhurio. Texas inalipa kwa wastani wa watoto waliohudhuria. Kuandikishwa peke yake hakutoshi. Kila shule ina dakika maalumu ya kuhesabu. Mtoto akiingia baada ya hapo, kwa fedha za jimbo hayupo. Mkienda kwa daktari, leteni cheti na mtoto asome sehemu ya siku hiyo, atahesabiwa yupo. Siku za ibada, ikiwemo Idd, nazo zinahesabiwa amehudhuria ikiwa mzazi ameandika barua. Watu hawapeleki barua, mtoto anawekewa utoro, na shule inakosa fedha.

Bahari Shwari:
Dada, hili la kura nisisitize. Mwenye grini kadi HARUHUSIWI kupiga kura, hata ya shule, hata ukiletewa fomu mlangoni na mtu mwema. Ukienda kuchukua leseni ya udereva utaulizwa kama unataka kujiandikisha: jibu hapana. Kujiandikisha kimakosa kunaweza kukunyima uraia na kukufukuzisha nchini. Ndugu waliokwisha kuwa raia wajiandikishe siku 30 kabla ya uchaguzi. Chaguzi za shule za Mei hujitokeza watu wachache sana, familia 50 zinaweza kugeuza kiti.

MamaWatatu:
Nimeelewa, asanteni sana wote. Kesho naandika ombi la mfuko 199 mpango 25, na naandikia shule kuhusu LPAC. Swali la mwisho: kuna kampuni imeniletea barua inataka dola 90 inipunguzie kodi ya shule. Ni kweli?

Daftari:
Usilipe. Huo ni msamaha wa nyumba unayoishi, kwenye fomu unaitwa homestead, na kuuomba ni bure kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti yako. Fomu ni namba 50-114. Unaambatanisha nakala ya leseni au kitambulisho cha Texas chenye anwani ya nyumba hiyohiyo. Anwani zikitofautiana wanairudisha, na hilo ndilo kosa la kila siku. Kwa kodi ya shule unaondoa dola 140,000 kwenye thamani. Nyumba ya 300,000 inatozwa kwa 160,000. Chukulia kiwango cha dola 1.10 kwa kila 100: badala ya 3,300 utalipa 1,760. Wilaya haipati hasara, jimbo linafidia.

Kuanzia mwaka unaofuata wa msamaha, thamani inayotozwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwisho wa kuomba ni 30 Aprili. Kama ulipitwa mwaka jana, peleka sasa na uandike mwaka huo pia; kuchelewa kunakubaliwa hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ilihesabiwa imechelewa, na ulichozidisha utarudishiwa. Kama unaona thamani yenyewe waliyoiandika ni kubwa mno, hiyo ni fomu nyingine ya kupinga, na mwisho wake ni 15 Mei au siku 30 baada ya kupata notisi, ipi inayokuja baadaye.