Mrejesho: Firefox iliyokuwa ikimaliza RAM

Wakuu, niliuliza kwa nini Firefox (programu ya kufungulia tovuti) inakula zaidi ya GB 5 kwenye kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8, hata nikiwa na tabo chache, yaani kurasa zilizofunguliwa. Tatizo limeisha.

Kufuta keshi (nakala za tovuti ambazo Firefox huzihifadhi) hakukusaidia, na sikutarajia: keshi ile iko hasa kwenye diski, si kwenye RAM. Kitufe cha kupunguza matumizi kwenye about:memory, ukurasa wa ndani wa Firefox, kilishusha kidogo, ikapanda tena. Kuteka maji kwa pakacha.

Aliyeniokoa ni mkuu aliyesema niandike about:processes kwenye sehemu ya anwani. Pale unaona kila tabo inatumia kiasi gani. Tabo zangu zilikuwa na adabu. Mstari wa viendelezi (vijiprogramu vya kuiongezea Firefox uwezo) ndio uliokuwa juu, na namba inazidi kupanda hata nisipogusa kitu. Shida ni kwamba viendelezi hukaa pamoja kwenye mchakato mmoja, yaani vinahesabiwa kwa pamoja, kwa hiyo huoni mhusika ni kipi. Nikavizima kimoja kimoja, kila mara nikiifungua upya Firefox. Mhusika alikuwa kiendelezi cha kupiga picha za skrini, tena sikitumii!

Nimekiondoa, sasa haivuki GB 2. Mliosema ninunue RAM, asanteni, pesa imebaki mfukoni.