Pete ya mke wangu imegeuka nyeupe, naomba ushauri haraka kabla hajarudi

Kisauni_Mpole (mwenye uzi): Asalaam alaykum wakuu. Mke wangu ana mimba ya miezi saba vidole vimemfura, kwa hivo alipokwenda Malindi kwa harusi ya binamuye pete yake ya ndoa kaiacha kabatini. Juzi naitoa naona upande mmoja imekuwa nyeupe pe kama bati. Nimesugua na ndimu, majivu, dawa ya meno, wapi. Kuna mtu kanambia niitie kwa jiko la makaa rangi itarudi, makaa nshanunua, nauliza tu ni dakika ngapi ndio isiyeyuke. Arudi kesho jioni. Na tafadhali msinambie niende kwa sonara.

TuktukLikoni: Mwambie umemnunulia ya kisasa, dhahabu nyeupe 😂 atakupikia biriani

Ticha_wa_Kemia: Dhahabu nyeupe haizaliwi kabatini. Ile huchanganywa na paladiamu au nikeli, kisha mara nyingi yapakwa rodiamu juu ndio ing'ae. Dhahabu yenyewe haijali ndimu wala jasho wala maji ya bahari. Kitu cha kuigeuza hivo kwa kuigusa tu ni zebaki, ile ya majimaji ya ndani ya thamomita. Ulivunja thamomita?

Kisauni_Mpole: Sina thamomita mimi. Naona ni hii hewa ya chumvi, huku kwetu hata mabati yaliwa.

Mama_Bondeni: Mwanangu hewa ya chumvi nimeivuta miaka hamsini na bangili za nyanya yangu zi vile vile. Mabati ni chuma. Sema ulofanya usaidiwe, sisi hatumjui mkeo.

Kisauni_Mpole: Haya. Kuna jamaa ana chupa ndogo ya zebaki nyekundu, asema ilitoka kwenye cherehani ya kale, na kuna Mwarabu yuko tayari kuinunua kwa mamilioni. Nimempa elfu kumi na tano za kushikilia. Akanambia nijaribu mwenyewe, ya kweli yakimbia kitunguu thaumu na yaifuata dhahabu. Kitunguu kweli ilikikimbia. Dhahabu iliyokuwa karibu ni hiyo pete. Sio kwamba mimi ni mjinga, nlitaka uhakika kabla sijamaliza kulipa.

Abuu_Jeddah: 😂😂😂 Yakhe mie nlikuwa Saudia 2009 uvumi huo ulipoingia. Cherehani za Singer za nyanya zetu zilikuwa zatafutwa kama almasi, watu watoa maelfu ya riyali, kila mtu ana simu yake aisogeza kwenye sindano aone kama laini yakatika, ati ndio dalili zebaki imo. Serikali ikatoka ikasema hakuna kitu. Mwenye nyumba wangu alikuwa nazo mbili akazifungia chumbani na kufuli, mpaka leo hajauza hata moja na suruali zake apeleka kwa fundi.

Ticha_wa_Kemia: Hiyo "nyekundu" haiko. Kuna jiwe jekundu la zebaki na salfa, ndilo zebaki hutolewa humo, basi. Ulonayo ni zebaki ya kawaida, na haikimbii kitunguu, yakimbia kila kitu kwa sababu hailowanishi. Imwage kwenye kigae uone, yajikunja vijidonge. Ila dhahabu yaipenda, yaingia ndani yake mara moja. Ukiweka pete kwa jiko zebaki yachemka kwenye nyuzi 357, makaa yapita hapo kwa raha kabisa, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mtauvuta wewe na mke mwenye mimba. USIITIE MOTO.

Chalii_Migori: Ticha asema kweli. Machimboni kwetu wanachoma zebaki hivo hivo kwa karai ibaki dhahabu. Mjomba wangu kafanya kazi hiyo miaka mingi, sasa ukimpa chai kikombe nusu, ukijaza inamwagika yote mkono unatetemeka.

Ustadh_Makupa: Mimi naona hata zebaki si hoja. Mali ya mke ni yake. Umeichukua bila idhini, ukaitia kwenye kamari. Rudisha hela, omba msamaha.

Kisauni_Mpole: Ustadh arudishe nani, simu yake haipatikani tangu jana. Na sikusema ntachoma ndani, ntachoma uani. Makaa nshanunua.

Mama_Bondeni: Makaa pikia maharagwe. Na hilo jaribio lako ulilifanyia wapi?

Kisauni_Mpole: Chumbani. Kidogo ilimwagika ikaingia chini ya kitanda lakini nshafagia.

Ticha_wa_Kemia: Ndugu!! Pete achana nayo kwanza. Ufagio umezivunja chembe za zebaki zikawa ndogo zaidi. Fungua madirisha yote, mtoto asiingie, mulika tochi chini chini kwenye sakafu zitang'aa, zisukume na kadi mbili ngumu, ndogo zinase kwa selotepu. Tia zote kwenye chupa yenye kifuniko, kisha chupa na huo ufagio kwenye mfuko, usimwage chooni. Nyufani nyunyiza unga wa kiberiti.

TuktukLikoni: Kiberiti atawasha nyumba huyu

Ticha_wa_Kemia: Kiberiti upele, salfa!

Mpelelezi254: Ngojeni kwanza. Huyu mwezi wa tatu alianzisha uzi hapa atafuta mchumba "mwenye dini, asiwe mrefu". Sasa mke ana mimba ya miezi saba? Hii ni hekaya wakuu, mwamaliza bando bure. Picha iko wapi?

Kisauni_Mpole: Ule uzi aliandika ndugu yangu kwa simu yangu. Picha hii hapa. [pete juu ya kanga]

Sonara_MjiWaKale: Mpelelezi, picha ni ya leo, hilo jeupe nalijua. Mimi nimefanya kazi hii tangu mdogo. Ya karati 22 ingeletwa kwangu ningeiosha kwa tindikali ya nitriki, yala zebaki yaacha dhahabu, halafu naing'arisha. Lakini hapo uliposugua pembeni mbona pana wekundu? Dhahabu haina wekundu huo ndani.

Ticha_wa_Kemia: Shaba. Na shaba nayo yashika zebaki ikawa nyeupe.

Sonara_MjiWaKale: Hii ni shaba imechovywa dhahabu juu tu. Yule uliyenunua kwake alikudanganya, ama ulijua? Ndio maana hutaki sonara?

TuktukLikoni: Zebaki ya uongo imepimwa kwa dhahabu ya uongo 😂 mko sare

Kisauni_Mpole: Wakati ule hali ilikuwa ngumu. Nlisema ntambadilishia. Kwani Sonara, ukiichovya tena itachukua muda gani?

Mama_Bondeni: Chini ya kitanda ushaokota?

Kisauni_Mpole: Bado, nlikuwa nasoma majibu.